Mbio za Kompyuta na Siri za Nyumba



Baba mmoja wa jamaa ametuletea swali ambalo, tunadhani, linawahusu wazazi wengi. Mwana wake ameingia chuo kikuu, naye anataka kumnunulia kompyuta, au ordinatere kama wengi wetu tunavyosema. Amekusanya falanga kwa miezi mingi. Dukani ameonyeshwa mashini mbili zilizokwisha kutumiwa. Juu ya moja imeandikwa gigahezi 3.4, juu ya nyingine gigahezi 2.4. Mwenye duka anamwambia: «Chukua ile ya namba kubwa, baba, ndiyo yenye mbio.» Baba huyo anatuuliza: Je, mwenye duka amesema kweli? Halafu anaongeza, kama mtu aliyekumbuka neno akiwa mlangoni: Je, ni kweli kwamba kompyuta yaweza kutoa siri za mtu?

Maswali hayo mawili yaonekana kuwa mbalimbali. Zamani sisi pia tuliyaona hivyo. Leo twapenda kuonyesha kwamba yametoka katika shina moja.

Kwanza tukiri kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulinunua kwa ajili ya shule kompyuta iliyotumiwa kwanza Ulaya. Tuliuliza habari za mbio zake, za ukubwa wa ghala lake na za bei, tukapatana. Tulipoiwasha tulikuta ndani yake picha za watoto tusiowajua, barua za mume na mke, tena barua ya daktari iliyotaja jina la mgonjwa na ugonjwa wake. Tulizifunga, tukazifuta zote. Lakini usiku ule hatukupata usingizi upesi. Mtu yule labda aliiacha mashini yake kwa kuwa imekuwa nzito. Basi yeye aliipima kwa mbio akaiacha, nasi tuliipima kwa mbio tukaichukua. Hapana hata mmoja wetu aliyeuliza juu ya siri.

Sasa tulijibu swali la kwanza. Ndani ya kila kompyuta, na ndani ya kila simu ya kisasa, mna kipande kidogo kiitwacho prosesa. Ndicho kinachofanya hesabu na kutii amri zote. Intel 4004, mojawapo ya prosesa za kwanza za namna hii kuuzwa, ilitoka mwaka 1971. Ilikuwa na transista 2,300 hivi, yaani swichi ndogo sana za umeme. Prosesa nyingi za leo zina transista mabilioni.

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, kama wapiga makasia wafuatavyo ngoma. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Hesabu hiyo yapita akili ya kawaida: katika pigo moja la prosesa ya gigahezi 3, hata mwanga wenyewe hauendi zaidi ya sentimeta 10 hivi. Lakini, ndugu msomaji, ngoma haisemi mtumbwi umefika wapi. Mtumbwi mmoja waweza kuwa na ngoma ya haraka na makasia mafupi, na mwingine ngoma ya pole, makasia marefu na wapigaji wengi zaidi. Mwenye kusimama ufukweni na kuhesabu ngoma tu atampa ushindi asiyestahili.

Jambo hilo lilitokea kweli. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni ya Intel ilitoa prosesa iitwayo Pentium 4, iliyotengenezwa kwa kutafuta mapigo mengi. Wanunuzi walipenda namba kubwa, basi namba zikaongezwa mpaka gigahezi 3.8 mwaka 2004. Hapo joto la prosesa likawa taabu kubwa, na mwaka huohuo Intel ikaacha nia yake ya kuuza Pentium 4 ya gigahezi 4. Mwaka 2006 kampuni hiyohiyo ilitoa prosesa za Core 2. Nyingine miongoni mwake zilikuwa na gigahezi 2.4 tu, hata hivyo katika kazi nyingi zilizishinda Pentium za zamani zenye zaidi ya gigahezi 3. Kila pigo lao lilifanya kazi kubwa zaidi. Basi mwenye duka hakusema uongo wa kukusudia, ila amehesabu ngoma akasahau kasia.

Namna bora ya kupima ni ipi? Ni kuipa mashini kazi ya kweli na kushika saa. Mwaka 1988 makampuni kadhaa yaliunda shirika liitwalo SPEC kwa shabaha hiyo: kuchagua programu zenye kazi halisi, kuziendesha katika kila kompyuta kwa masharti yaleyale, na kutangaza muda uliotumika. Hiyo ni mizani ya haki kuliko kuhesabu mapigo. Walakini hata mizani hudanganywa. Mwaka 2013 watu walichunguza simu ya Samsung Galaxy S4 wakaona kwamba ilizitambua programu fulani za mtihani. Ilipozitambua, ilimpa mchoraji wa picha, aliye ndani ya prosesa, mapigo mengi kuliko yale aliyopewa katika michezo ya kila siku. Sisi walimu jambo hilo halitushangazi. Twajua namna darasa linavyofagiliwa siku ya kufika mkaguzi.

Mpaka hapa tumesema juu ya mbio tu. Sasa siri inaingia wapi? Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kila neno unaloandika, kila picha, kila namba ya siri ya fedha zako katika simu, hupita katika prosesa. Prosesa ndiyo kata. Basi yafaa tujue inavyochota.

Tuuache mtumbwi, tuingie ofisini. Mfikirieni karani hodari mwenye meza ndogo mbele yake na ghala kubwa nyuma ya nyumba. Kitabu kilichopo mezani hukipata mara moja. Kitabu kilichomo ghalani chahitaji safari. Prosesa nayo ina meza yake, iitwayo kache, na ghala lake, yaani kumbukumbu kuu ya kompyuta. Kuchukua neno mezani kwaweza kuchukua mapigo 4 au 5, kulichukua ghalani mapigo 200 au zaidi. Muda huo wote karani mwenye mbio angekaa bure.

Watengenezaji walichukizwa na ubure huo. Wakamfundisha karani kubahatisha. Badala ya kungoja amri kamili, hutazama mambo yaliyotokea jana na juzi, kisha husema moyoni: «Bila shaka bwana ataniomba daftari lile.» Huenda kulileta na kuanza kazi mapema. Akiwa amebahatisha vema, muda umepatikana. Akikosea, huitupa kazi ile na kuanza upya, kana kwamba hakuna kilichotokea. Prosesa za Intel zilianza kufanya kazi nje ya mpango wa amri namna hiyo tangu Pentium Pro ya mwaka 1995, na watengenezaji wengine walifuata njia kama hiyo. Sehemu kubwa ya mbio tunazozisifu imetoka katika kubahatisha huko.

Kosa lilikuwa katika maneno yale «kana kwamba hakuna kilichotokea». Sivyo. Kitu kilitokea.

Mfikirieni mgeni mwenye hila anayefika kwa karani. Anasema: «Soma herufi ya kwanza ya barua ya siri iliyo katika kabati la jirani yangu. Ikiwa ni A, niletee daftari la kwanza. Ikiwa ni B, niletee daftari la pili.» Karani, kwa ajili ya haraka, anafungua kabati, anasoma, anakimbia ghalani na kuleta daftari la pili mezani. Ndipo anapotazama orodha ya ruhusa na kuona kwamba mgeni hana haki. Anamkatalia. Anafuta maandishi yake yote. Mgeni hakuambiwa neno. Lakini daftari la pili bado liko mezani! Basi mgeni anaomba madaftari yale moja moja, kwa njia iliyo halali, huku ameshika saa. La kwanza linachelewa, maana linatoka ghalani. La pili linakuja mara moja. Sasa anajua kwamba herufi ilikuwa B. Anarudia hivyo kwa herufi ya pili, na ya tatu, mpaka barua yote imesomwa bila karani kutamka lolote.

Hivyo ndivyo lilivyofanya kazi kosa lililoitwa Meltdown, lililotangazwa tarehe 3 Januari 2018. Siku hiyohiyo lilitangazwa kosa la pili, ndugu yake, liitwalo Spectre. Katika hilo mgeni humzoesha karani kubahatisha vibaya, kusudi programu isiyo na hatia iache nyayo za siri zake yenyewe mezani. Meltdown liligusa hasa prosesa za Intel, zile za miaka mingi iliyopita pamoja na zile mpya. Spectre liligusa prosesa za Intel, za AMD, na nyingi za namna ya ARM zilizomo katika simu. Makosa hayo yaligunduliwa na Jann Horn wa kampuni ya Google, na tena na wataalamu wengine waliofanya kazi bila kumtegemea, miongoni mwao walimu na wanafunzi wa chuo kikuu cha ufundi cha Graz nchini Austria, na Paul Kocher wa Marekani. Huyu Kocher alikwisha kuonyesha mwaka 1996 kwamba mtu mwenye saa nzuri aweza kuvumbua funguo za siri kwa kupima tu muda ambao mashini imetumia kuhesabu. Basi onyo lilikuwapo. Lakini katika mizani ya sokoni palikuwa na namba moja tu ya kutazamwa, nayo ni mbio.

Dawa ilitafutwa. Watengenezaji walikuwa wameambiwa kwa siri tangu Juni 2017, na baada ya tangazo walieneza marekebisho upesi. Vifungua-intaneti navyo vilibadilishwa. Firefox, kwa mfano, iliwapunguzia waandishi wa kurasa usahihi wa saa, kutoka sehemu 5 za milioni za sekunde hadi sehemu 20 za milioni, kusudi mgeni mwenye hila ashike saa isiyo kali. Lakini marekebisho yalikuwa na gharama: karani aliyekatazwa kukimbia ovyo hufika baadaye kidogo. Mnamo Januari 2018 kampuni ya Microsoft yenyewe ilieleza kwamba katika prosesa mpya za wakati ule upungufu wa mbio ungekuwa chini ya asilimia 10, na kwamba watu wengi wasingeuona. Lakini katika kompyuta za mwaka 2015 hivi zenye prosesa za zamani zaidi, upungufu ungekuwa mkubwa zaidi, na baadhi ya watu wangeutambua.

Tafadhali tulitafakari neno hilo. Kwa miaka zaidi ya 20 majarida yalipima prosesa, yakazipa nafasi ya kwanza na ya pili, na watu wakalipa fedha kwa kufuata orodha hizo. Kumbe sehemu ya mbio zile ilikuwa deni. Ililipwa kwa siri za wenye kompyuta, bila wao kuulizwa. Hatusemi kwamba mafundi walikuwa wabaya. Walifanya yale waliyopimwa nayo. Mwanafunzi anayepewa alama kwa wingi wa kurasa ataandika kurasa nyingi. Mtengenezaji anayelipwa kwa mbio ataleta mbio, na visivyopimwa vitasahauliwa.

Mtu atasema: «Mimi ni mnunuzi mdogo, sauti yangu yafaa nini?» Tukumbuke habari ya mwaka 1999. Mwanzoni mwa mwaka ule Intel ilitoa prosesa ya Pentium III ambayo kila moja ilikuwa na namba yake ya pekee ndani, na programu iliweza kuisoma. Kampuni ilisema namba hiyo itasaidia usalama wa biashara. Lakini vyama vya kutetea faragha huko Marekani viliona hatari yake: kila mahali mtu apitapo katika intaneti angeweza kutambuliwa kwa namba hiyo, kama ng'ombe aliyetiwa chapa. Viliwaita watu wasinunue. Maneno yakawa mengi, na mwaka 2000 Intel ilitangaza kwamba prosesa yake mpya haitakuwa na namba ile. Hapo wanunuzi waliuliza jambo jingine mbali na mbio, wakajibiwa.

Wako pia wanaosema: «Sina la kuficha.» Twawauliza: Je, nyumba yako haina mlango? Mlango si ushahidi wa wizi. Ndani mna mgonjwa, mna deni, mna binti anayesikitika, mna mashauri ya baba na mama. Mambo hayo si mabaya, ila ni yenu. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha na siri ya barua na mawasiliano yake. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 imeongeza kanuni za kulinda habari za watu. Lakini sheria iliyo kitabuni haifungi mlango ambao mwenye nyumba ameuacha wazi.

Kwa hiyo twampa baba aliyetuuliza, na wasomaji wote, mashauri manne.

La kwanza: Kabla ya kuuliza mbio, uliza kazi. Mwanafunzi atakayeandika, kusoma na kuhesabu hahitaji mbio za mchezaji wa michezo ya picha. Mwombe mwenye duka awashe mashini mbele yako. Fungua maandishi marefu, fungua kurasa kadhaa pamoja, shika saa. Dakika 10 za namna hiyo zafundisha kuliko namba ya kibandikoni.

La pili: Uliza prosesa ni ya mwaka gani, wala usitazame gigahezi peke yake. Gigahezi 2.4 ya miaka ya karibuni yaweza kushinda gigahezi 3.4 ya zamani.

La tatu: Uliza kama mashini bado inapokea marekebisho ya usalama. Hili ni kubwa kwetu sisi tunaonunua vitu vilivyotumiwa. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Mashini ya namna hiyo haifai kutupwa. Yaweza kuwekewa Linux, ambayo hupatikana bure na bado hurekebishwa. Lakini mashini isiyorekebishwa tena ni nyumba ambayo fundi wa kufuli ameihama.

La nne: Usimsingizie karani kosa la mwenye nyumba. Hila za Meltdown na Spectre zataka ufundi mwingi. Siri nyingi hutoka kwa njia nyepesi: simu isiyo na namba ya kufungulia, namba ya siri aliyoambiwa rafiki, programu ya mchezo iliyoomba kusoma majina ya watu wako wote nawe ukakubali bila kusoma, simu iliyoachwa kwa fundi ikiwa na picha zote ndani. Na unapouza kompyuta, usifute majina ya barua tu. Futa diski yote kwa programu ya kufuta kabisa, au ondoa diski uibaki nayo. Tumekwisha kuwaambieni tuliyoyakuta sisi.

Basi, baba, kati ya mashini mbili zile chagua ile itakayomaliza kazi ya mwanao kwa wakati na ambayo bado ina mtu wa kutengeneza kufuli zake. Ikiwa ni ile ya namba ndogo, usione haya mbele ya mwenye duka. Na siku utakapomkabidhi mwanao, mwambie maneno machache juu ya daktari yule na mgonjwa yule wa Ulaya, ambaye hata leo hajui kwamba barua yake ilisomwa na walimu katika Kongo. Sisi tuliifuta. Mwingine asingeifuta.